Mbio za Mgonjwa

Katika vijiji vilivyo jirani na Bunia mtu hupimwa kwa miguu yake tangu utoto. Mtoto huamka alfajiri na kukimbia kwenda shule, asije akakuta kengele imekwisha lia. Mama hubeba mzigo wa mihogo mpaka soko la mjini, na kabla jua halijatua amekwisha rudi kuwapikia watoto. Mchuuzi wa samaki hupanda kutoka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, akiukwea ule mlima mrefu mpaka kwenye baridi ya juu. Watu wamwonapo humsifu wakisema: «Huyu ni mtu kweli, ana nguvu.»

Kwa sababu hiyo, ugonjwa mkali ukimlaza mtu kitandani, haumnyang'anyi afya peke yake, bali humnyang'anya na heshima. Jana aliitwa mwenye nguvu, leo aitwa mgonjwa. Wengine humpikia, wengine humshika mkono kwenda uani. Miezi ikipita hivyo, mwenyewe husema kwa sauti ndogo: «Mimi si mtu tena.»

Neno hilo ni zito, nalo lapaswa kuchunguzwa. Je, nguvu ya mtu ni miguu yake? Na miguu ikishindwa, nguvu yake imekwenda wapi? Kwa mkatekumeni swali hili lina uchungu zaidi. Yeye ameianza safari ya kuuelekea Ubatizo. Amejifunza sala, amejifunza amri, ameacha mambo ya kale. Ugonjwa ukimkata katikati ya njia, hawezi tena kufika kwenye mafundisho. Wenzake huandikwa majina kwa ajili ya Pasaka, naye yuko juu ya mkeka. Hapo hujiuliza: Je, mbio zangu zimekwisha kabla ya mwisho? Je, Mungu ameniacha njiani?

Ili kupata jibu, yafaa kuwatazama watu wawili wa Afrika ya Mashariki ambao walikimbia kuliko wengi, na ambao ugonjwa uliwakuta wote wawili katikati ya mbio.

Mkimbiaji wa Kenya

Kipchoge Keino alizaliwa mwaka 1940 katika nchi ya Wanandi, Kenya. Alikua bila wazazi, maana walifariki yeye angali mdogo. Baadaye akawa askari polisi, na mwendo wake ukajulikana duniani. Mwaka 1968 alitumwa pamoja na wenzake kwenda mji wa Mexico, kwenye michezo ya Olimpiki, yaani mashindano ya mataifa yote yafanywayo kila miaka minne. Mji ule umejengwa mahali pa juu sana, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na hata mtu mzima wa afya hutweta upesi.

Lakini Keino hakuwa mzima wa afya. Alikuwa na vijiwe katika mfuko wa nyongo, ugonjwa unaochoma tumbo kama kisu. Madaktari walimwonya asishindane.

Tarehe 13 Oktoba alikimbia mbio za mita 10,000, yaani mizunguko 25 ya uwanja. Ilipobaki mizunguko michache tu, maumivu yalimzidi akaanguka kando ya njia. Watu wenye machela wakamjia wamchukue. Yeye akainuka, akarudi njiani, akamaliza mwendo wake, ijapokuwa aliyekwisha toka katika njia hahesabiwi tena miongoni mwa washindani. Mshindi wa siku ile alikuwa Mkenya mwenzake, Naftali Temu.

Siku nne baadaye Keino alikimbia mita 5,000 akawa wa pili, nyuma ya Mohammed Gammoudi wa Tunisia, kwa hatua moja au mbili tu. Kisha ikaja tarehe 20 Oktoba, siku ya mita 1,500. Barabara zilijaa magari, na gari lililomchukua likakwama. Akashuka, akakimbia kwa miguu mpaka uwanjani ili asichelewe. Hapo alimkuta Jim Ryun wa Marekani, ambaye wakati ule hakuna mtu duniani aliyekuwa amekimbia umbali huo upesi kuliko yeye. Keino alimshinda kwa mita karibu 20, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9.

Jambo moja katika habari hii husahauliwa na wengi. Katika mbio zile alikuwamo Mkenya mwingine kijana, Ben Jipcho. Yeye alitangulia mwanzoni kwa kasi kubwa, ili kumwandalia Keino njia na kuwatia wengine wasiwasi, akijua kwamba kwa kufanya hivyo yeye mwenyewe atachoka na kubaki nyuma. Basi mgonjwa yule hakushinda peke yake. Kulikuwa na mtu aliyempa nguvu zake.

Ushujaa au ukaidi?

Sasa mtu mwenye busara atauliza: Je, Keino alifanya vema? Madaktari walimwonya, naye akakimbia. Amri ya tano haikatazi kuua wengine tu. Yamwagiza mtu auheshimu na uhai wake mwenyewe. Kanisa lafundisha kwamba uhai na afya ni amana. Mtu ni mtunzaji wake, si mwenye mali. Kama mkimbiaji yule angalifia uwanjani, habari hiyo hiyo ingalisimuliwa kwa machozi, na watu wangalisema: «Kwa nini hakusikia?»

Hapa pana fundisho la kwanza, nalo ni gumu: kushinda hakuthibitishi kwamba kujihatarisha kulikuwa halali. Tendo halifanyiki jema kwa sababu tu limemalizika vizuri. Mtu akivuka mto uliofurika akafika salama, hakuwa na hekima kwa kuwa alifika. Alikuwa na bahati. Shetani alimchukua Bwana Yesu juu ya hekalu, akamshawishi ajitupe chini ili malaika wamdake. Bwana alikataa, akafundisha kwamba haifai kumjaribu Mungu. Kwa hiyo asitokee mtu katika kijiji chochote akamwambia mgonjwa wa homa au wa moyo: «Inuka ukimbie, maana yule Mkenya alikimbia.» Huyo hatii moyo, anaua.

Nini basi chastahili sifa katika Keino? Moyo wake wa ndani Mungu ndiye aujuaye. Lakini kinachoonekana wazi ni hiki: alipoanguka hakusema kwamba amekwisha. Tarehe 13 Oktoba hakuna nishani iliyomngoja mwishoni, wala jina lake halingeandikwa. Hata hivyo akaumaliza mwendo. Siku hiyo ya kushindwa yafundisha zaidi kuliko siku ya ushindi, maana siku ya ushindi miguu yake ilimtii, bali siku ile miguu ilikataa na bado mtu alikuwapo.

Mkimbiaji wa Ethiopia

Mtu wa pili aonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Abebe Bikila alizaliwa mwaka 1932, akawa askari katika kikosi cha kumlinda Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Alikimbia marathoni, ambayo ni kilometa 42 na mita 195. Mwaka 1960, mjini Roma, alikimbia umbali huo bila viatu, akawa wa kwanza.

Mwaka 1964 ilimpasa kukimbia tena, mjini Tokyo. Mwezi wa Septemba tumbo lilimshika ghafula kwa ugonjwa wa kidole tumbo, akapasuliwa hospitalini. Wiki tano hivi baadaye, tarehe 21 Oktoba, alisimama pamoja na wengine. Alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika nne. Kabla yake hakuna mtu aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Alipofika mwisho hakuanguka chini kama wengine, bali alilala juu ya majani akinyosha viungo vyake, kana kwamba mbio bado hazijaanza.

Habari yake ingekoma hapo, watu wangesema: «Tazama, nguvu ni miguu.» Lakini haikukoma. Mwezi wa Machi 1969 gari alilokuwa akiendesha lilipinduka. Uti wa mgongo ukaumia, na ile miguu iliyokuwa maarufu kuliko yote duniani haikusogea tena. Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville inayotibu wagonjwa wa namna hiyo, akakaa miezi mingi. Polepole mikono yake ilirudiwa na nguvu.

Bikila alifanya nini? Mwaka 1970 alishindana kwa kupiga mishale, ameketi katika kiti cha magurudumu. Mwaka 1971 alialikwa Norwei kama mgeni kwenye michezo ya walemavu. Akaingia katika mashindano ya kilometa 25 kwa gari lisilo na magurudumu, ambalo huvutwa na mbwa juu ya theluji. Akawashinda wote. Alikuwa Mkristo wa Kanisa la Ethiopia, naye alisema kwamba kama vile ushindi aliupokea kwa mapenzi ya Mungu, vivyo hivyo na ajali yake aliipokea. Alifariki mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 41.

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Miguu ya Bikila ilikuwa koleo. Mhunzi alikuwa ni yeye mwenyewe.

Nguvu ni nini?

Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyeishi katika karne ya 13, aliichunguza fadhila ya nguvu akauliza: Je, tendo lake kuu ni lipi, kushambulia au kustahimili? Watu wengi wangejibu upesi kwamba ni kushambulia, maana askari avamiaye huonekana shujaa kuliko asimamaye mahali pake. Lakini mtakatifu alijibu kinyume: tendo kuu la nguvu ni kustahimili. Akatoa sababu tatu.

Sababu ya kwanza: ashambuliaye hujiona kuwa mwenye nguvu kuliko adui yake, bali astahimiliye hupambana na aliye na nguvu kuliko yeye. Mkimbiaji mzima aweza kuwatazama wenzake na kusema, «Nitawapita.» Mgonjwa hawezi kuutazama ugonjwa hivyo. Yeye ndiye mdogo, nao ndio mkubwa, na bado haukubalii uitawale roho yake.

Sababu ya pili: ashambuliaye huona hatari ikiwa bado mbele, bali astahimiliye anayo tayari mwilini. Kuogopa kiboko aliye mbali ni kitu kimoja. Kuamka usiku na maumivu ndani ya mbavu ni kitu kingine.

Sababu ya tatu: kushambulia kwaweza kuwa kwa ghafula, bali kustahimili huchukua muda mrefu. Hapa ndipo mbio ndefu zifananapo na ugonjwa mrefu. Katika mbio fupi mtu huweza kushinda kwa hasira. Katika mbio ndefu hasira huisha njiani, na majivuno huisha, na hata sifa za watazamaji huisha, maana kwenye kilometa ya 30 barabarani watu si wengi. Kinachobaki ni hatua moja, kisha hatua moja tena.

Basi jibu la swali la mwanzo ni hili: nguvu ya mtu si miguu yake. Miguu ni chombo. Nguvu ni uthabiti wa roho katika lililo jema, hata chombo kikivunjika. Kwa hiyo mgonjwa asemaye «Mimi si mtu tena» amekosea katika hesabu: amehesabu vyombo, akamsahau mwenye vyombo.

Mkimbizi na mkimbiaji

Watu wa Ituri wanazijua mbio za namna nyingine. Katika vita vilivyoanza mwaka 1999, na hasa mwezi wa Mei 2003 wakati mji wa Bunia ulipopiganiwa, maelfu ya watu walikwenda kwa miguu mpaka Beni, na wengine wakavuka kuingia Uganda, wamebeba watoto na magodoro. Hakuna aliyewapigia makofi.

Kiswahili kina maneno mawili yaliyozaliwa na kitenzi kimoja: mkimbizi na mkimbiaji. Wote wawili hukimbia, huchoka na kuumia miguu. Tofauti ni hii: mkimbizi anakimbia kutoka mahali, mkimbiaji anakimbia kwenda mahali. Mkimbizi hana kosa, ameonewa. Lakini tofauti hiyo yaweza kumfundisha mgonjwa. Mtu aliyeugua sana huweza kuwa mkimbizi ndani ya mwili wake mwenyewe. Huikimbia hali yake kwa pombe, au kwa hasira dhidi ya mkewe, au kwa kutafuta mchawi wa kumlaumu miongoni mwa majirani. Mbio hizo hazina mwisho, maana anayemkimbia ni yeye mwenyewe. Mgonjwa huyo huyo aweza kugeuka akawa mkimbiaji siku achaguapo mwisho mwema wa kuuelekea.

Kifua kikuu chatoa mfano. Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa zimezwazo kila siku kwa muda wa miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa za namna nne, kisha miezi 4 namna mbili. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, homa ya usiku hukoma, na chakula huwa na ladha tena. Hapo ndipo penye hatari. Mgonjwa hujiona amepona, huacha dawa, hurudi shambani. Lakini vijidudu vilivyobaki huamka, na mara nyingine dawa zile haziviwezi tena. Mtu huyo ametangulia vizuri, lakini kutangulia si kufika. Yule ambaye kila asubuhi, kwa miezi sita, hwenda kituo cha afya na kumeza dawa yake mbele ya muuguzi, huyo amekimbia marathoni, ijapokuwa hakuna aliyemwona. Na hapa kumtii daktari hakupingani na ushujaa, maana kutii huko ndiko mbio zenyewe.

Vivyo hivyo baada ya ugonjwa. Mwili uliolala muda mrefu haurudi kwa siku moja. Siku ya kwanza mtu hufika mlangoni, akaketi. Baada ya siku kadhaa hufika kwenye mwembe, kisha kisimani, kisha Jumapili moja hufika kanisani na watu wote hugeuka kumtazama. Daktari akiruhusu, hurudi kwenye jembe, na kijana hurudi hata kwenye mpira na mbio. Kila kipimo kidogo kipokewe kwa shukrani, wala kisidharauliwe kwa sababu zamani mtu alifika mbali zaidi. Polepole ndiyo mwendo.

Nguvu hupewa mtu kwa ajili ya nani?

Bado lipo swali moja. Mtu akipata nguvu kwa njia ya mateso, aifanyie nini? Akiiweka kwa sifa zake tu, itaoza kama mana iliyowekwa akiba na Waisraeli jangwani.

Keino, aliyekua bila wazazi, aliwakusanya watoto mayatima yeye na mkewe Phyllis, wakawalea nyumbani kwao na katika shamba lao huko Eldoret. Wengi wamepita katika nyumba ile. Mwaka 1999 shule ya msingi yenye jina lake ilifunguliwa. Miguu ilimpa jina kwa muda mfupi. Jina likawapa watoto wale chakula na daftari kwa miaka mingi.

Ituri na Kivu ya Kaskazini pia zimeona jambo kama hilo. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka Kivu ya Kaskazini, nayo ikaenea Ituri. Mpaka ilipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki. Waliopona walirudi nyumbani dhaifu. Wengi waliumwa viungo na macho, na wengine waliogopwa na majirani wao. Lakini aliyepona Ebola huwa na kinga mwilini. Kwa hiyo, huko Beni na Butembo, baadhi yao walichukua kazi ya kuwapakata watoto wachanga ambao mama zao walilazwa katika vituo vya matibabu. Mtoto ambaye wengine waliogopa kumgusa, wao walimgusa. Ugonjwa uliotaka kuwaua uliwafungulia mlango wa upendo ambao mtu mzima wa afya asingeweza kuuingia.

Hapo ndipo mbio za Mkristo zitofautianapo na mbio za uwanjani. Uwanjani mmoja hushinda na wengine hushindwa. Katika njia ya Kristu, mtu hushinda kwa kumbeba mwenziwe. Na tena hushinda kwa kukubali kubebwa. Bwana Yesu mwenyewe, alipokuwa akienda Kalvari, hakukataa msaada wa Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika ya Kaskazini, aliyemsaidia kuuchukua msalaba. Mgonjwa asione aibu basi kushikwa mkono. Mwana wa Mungu alishikwa.

Mkatekumeni aliyeanguka njiani

Mtakatifu Paulo Mtume alipenda kuufananisha uzima wa Mkristo na mbio. Aliwaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji wa uwanjani, ambao hujinyima mengi kwa ajili ya taji liharibikalo. Na alipokuwa kifungoni, karibu na kifo, alimwandikia Timotheo kwamba mwendo ameumaliza. Lakini Paulo huyo huyo alikuwa na maumivu katika mwili, aliyoyafananisha na mwiba. Mara tatu aliomba aondolewe. Hakuondolewa. Alijibiwa kwamba neema ya Mungu yamtosha. Kwa hiyo mtu ajue: kuomba kuponywa ni haki, na kutoponywa si dalili ya kuachwa.

Njia ya mkatekumeni tangu zamani ni ndefu. Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Wamisionari wa Afrika waitwao Mapadri Weupe, aliagiza kwamba anayetaka Ubatizo afundishwe miaka minne. Wengi walisikitika kwa muda huo mrefu, lakini maana yake ilikuwa njema: imani ya haraka huanguka kwa haraka, na mbio ndefu hutaka mazoezi marefu.

Je, akianguka mtu katika mwaka wa pili, au mwezi mmoja tu kabla ya Pasaka? Kanisa halimwachi. Mkatekumeni akiwa katika hatari ya kufa, hangojei mwisho wa mafundisho. Padri humbatiza, na padri asipopatikana, mtu yeyote aweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akiwa na nia ya kutenda litendwalo na Kanisa. Kwa sababu hiyo kila Mkristo wa kijijini yampasa kujua namna ya kubatiza. Na ikitokea kwamba kifo kimemfikia mkatekumeni kabla ya maji, tamaa yake ya Ubatizo pamoja na toba ya dhambi zake na mapendo humpatia wokovu ambao hakuweza kuupokea kwa sakramenti. Uwanjani aliyeanguka nje ya njia hahesabiwi tena. Kwa Mungu, aliyeanguka akiuelekea mwisho huhesabiwa kuwa yumo njiani.

Kwa hiyo mgonjwa wa Bunia asiseme tena kwamba yeye si mtu. Labda sasa, akiwa ameulaza mwili juu ya mkeka, anaimeza dawa yake, anamsamehe jirani, anasema Baba Yetu kwa sauti isiyosikika, ndipo anapokimbia kuliko siku zote za maisha yake.

Maswali na majibu

Nguvu ya mtu ni nini?
Ni uthabiti wa roho katika jema, hata mwili ukiwa dhaifu.

Je, ni halali kuyapuuza maagizo ya daktari ili kuonyesha ushujaa?
Si halali kuuhatarisha uhai bila sababu kubwa, kwa kuwa uhai ni amana ya Mungu, na kumjaribu Mungu ni dhambi.

Kwa nini kustahimili ni tendo kuu la fadhila ya nguvu?
Kwa sababu astahimiliye hupambana na aliye mkubwa kuliko yeye, hatari ikiwa tayari juu yake, na kwa muda mrefu.

Mkatekumeni afaye kabla ya kubatizwa aweza kuokoka?
Ndiyo, kwa tamaa ya Ubatizo, pamoja na toba na mapendo.

Azimio la juma hili

Mkatekumeni amtafute mgonjwa mmoja wa kijijini aliyeanza kupata nafuu, atembee naye kwa mwendo wa mgonjwa, si kwa mwendo wake mwenyewe, mpaka pale mgonjwa aombapo kupumzika. Kisha waketi pamoja na kumshukuru Mungu kwa hatua walizozipata.